Siku Tatu za Delhi: Anza kwa Kujua Soko Gani Limefungwa

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni wa Tanga. Nimekuja New Delhi kumuuguza mama aliyefanyiwa upasuaji wa goti, na tumepanga nyumba ya wageni huku Jasola. Anaendelea vizuri, na daktari ameruhusu atoke kidogo kwa kiti cha magurudumu. Wiki ijayo binamu yangu atakaa naye, kwa hiyo nitapata siku tatu: Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Alhamisi tunarudi nyumbani. Nataka kuuona mji, na kununua vitu vya harusi ya mdogo wangu: sari, vitambaa, vipambo, na viungo vya jikoni. Nina dola 500 za manunuzi. Mama anatamani sana kuuona msikiti mkubwa. Niende wapi, ninunue wapi, na nifanyeje nisitapeliwe? Halafu, je, niende Agra kuiona Taj Mahal?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Mfikishie mama shikamoo yangu, na pole ya kuuguza. Nimeishi Delhi miaka 11, kazi yangu ni kuwatafsiria wagonjwa na wafanyabiashara wanaotoka kwetu, na swali kama lako huulizwa karibu kila wiki. Wewe umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umenitajia siku kwa majina yake. Delhi haina siku moja ya mapumziko kwa masoko yote. Kila soko lina siku yake ya kufunga, na majengo ya kale yana yake. Chandni Chowk na mitaa yake hufunga Jumapili. Lajpat Nagar, Sarojini Nagar na Karol Bagh hufunga Jumatatu. Ngome Nyekundu, Makumbusho ya Taifa na hekalu la Lotus navyo hufunga Jumatatu. Nimewaona watu wakivuka mji mzima kwenda kukuta milango ya chuma imeshushwa, na siku imekwisha. Kwa hiyo mpango wako tuupange kwa kutazama kilichofungwa kwanza.

Kuhusu Agra nitakujibu moja kwa moja: safari hii usiende. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 200, na kwa gari utatumia saa tatu hadi nne kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Ipo treni ya kasi inayotoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin asubuhi na kufika kwa dakika 100, lakini hata kwa treni hiyo siku nzima imekwenda, na mama yuko na mshono. Ukitaka kujua Taj Mahal ilitokana na nini, jengo lililoitangulia liko hapahapa Delhi, vituo vichache kutoka unapokaa. Nitafika hapo.

Usafiri kwanza. Kukaa Jasola ni bahati yako, maana laini ya zambarau ya metro inapita mlangoni kwako na inafika karibu kila mahali nitakapokutajia: Lajpat Nagar, JLN Stadium, Khan Market, Janpath, Jama Masjid, Lal Quila. Nunua kadi ya metro siku ya kwanza, usipange foleni kila safari. Behewa la kwanza la kila treni ni la wanawake peke yao, limewekewa alama ya waridi chini ukumbini. Panda hilo. Kila kituo kina ukaguzi wa mizigo kwa mashine, na wanawake wana foleni yao. Kisu cha jikoni hakipiti, hata kama kimefungwa karatasi ya dukani, kwa hiyo kama utanunua visu, rudi navyo kwa teksi. Ukiwa na mama, metro achana nayo. Ita teksi kwa programu ya simu, bei uione kabla hujapanda. Bajaji za hapa ni zilezile za kwetu, rangi ya kijani na njano. Zina mita, lakini dereva akiona mgeni atasema mita imeharibika. Patana naye kabla hujakaa, au fungua programu ya simu uone bei ya njia hiyo, umwonyeshe.

Jumapili amka mapema. Kaburi la Humayun hufunguliwa jua linapochomoza, na saa ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenyewe. Mgeni analipa karibu rupia 600 pale ambapo Mhindi analipa 40 hivi. Usikasirike, ndivyo ilivyo kwenye majengo makubwa ya serikali yote, na watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Humayun alikuwa mfalme wa pili wa Wamughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India, na kaburi alijengewa na mjane wake, Bega Begum, kazi iliyoisha mwanzoni mwa miaka ya 1570. Ukisimama getini utaona jiwe jekundu, marmar nyeupe, kuba, na bustani iliyogawanywa mara nne kwa mifereji ya maji. Miaka 60 baadaye Shah Jahan, kitukuu wake, alianza Taj Mahal kwa mtindo huohuo. Mimi binafsi napapenda hapa kuliko Agra, kwa sababu unaweza kukaa kwenye ngazi peke yako na kusikia kasuku.

Kuna jambo jingine hapo linalotugusa. Jengo hili lilikuwa limechoka. Watengenezaji wa zamani walikuwa wamemwaga zege juu ya paa, tabaka juu ya tabaka, na maji yakawa yanakaa. Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ndiyo iliyolitengeneza upya, ikaondoa zaidi ya kilo milioni moja za zege kwa mikono, na mafundi wakarudishia chokaa kama cha zamani. Ni taasisi ileile iliyotengeneza bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009. Ukiangalia chokaa la kuta za huku utakumbuka nyumba za Mji Mkongwe.

Saa nne hivi binamu yako amlete mama kwa teksi hadi Sunder Nursery, iliyo jirani kabisa na kaburi hilo. Kaburini asiingie, maana ngazi za kupanda jukwaani ni ndefu na mwinuko wake ni mkali hata kwa mwenye magoti mazima. Sunder Nursery ni bustani iliyofunguliwa mwaka 2018, ina njia pana zilizosakafiwa, madimbwi, tausi, na makaburi madogo ya karne ya 16 katikati ya maua. Kiti cha magurudumu kinapita vizuri. Nunueni chai, kaeni juani. Nimewapeleka hapo wagonjwa wengi waliokuwa hawajaona mti kwa wiki tatu, na naijua tofauti ya nyuso zao wakati wa kurudi.

Mchana mama arudi kupumzika, wewe panda metro hadi Lajpat Nagar, badili uingie laini ya waridi, na ushuke kituo cha pili: Dilli Haat. Hili ni soko la mafundi, lilifunguliwa mwaka 1994, linatoza kiingilio kidogo, na vibanda vyake hugawiwa mafundi wanaotoka majimbo mbalimbali na kubadilishwa kila baada ya siku 15. Siku hiyo usiende kununua sana. Nenda kujifunza. Shika sari ya Banaras kwa mkono wako, uulize bei. Shika shali ya Kashmir, uulize. Muulize fundi imemchukua siku ngapi. Andika bei kwenye simu. Jumatatu utakapoingia Chandni Chowk, utaingia ukiwa na kipimo kichwani, na mwenye duka atalijua hilo ndani ya dakika moja.

Neno kuhusu shali, maana ndiyo zawadi wanayodanganywa nayo watu wengi. Pashmina ya kweli ni sufu ya mbuzi wa nyanda za juu za Ladakh, inasokotwa na kufumwa kwa mkono, na bei yake ni maelfu mengi ya rupia. Inayouzwa rupia 300 barabarani ni nyuzi za kiwandani. Haina ubaya wowote, ni nzuri na ina joto, ila uinunue ukijua ni nini. Na mtu akikunong'oneza kwamba anayo shahtoosh, ondoka. Hiyo ni manyoya ya swala wa Tibet anayeuawa kwa ajili yake, na biashara yake ni kosa la jinai.

Jua likikaribia kuzama, chukua bajaji hadi India Gate. Lango hili lina urefu wa mita 42, lilizinduliwa mwaka 1931, na kutani yamechongwa majina ya askari zaidi ya 13,000 wa jeshi la Wahindi chini ya Waingereza. Wageni hupiga picha na kuondoka. Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo inua macho usome maandishi ya juu. Yanataja mahali walipofia: Ufaransa, Mesopotamia, Uajemi, Gallipoli, na katikati yake, kwa herufi kubwa za Kiingereza, Afrika Mashariki. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, walishushwa Ras Kasone kuuteka mji wenu. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akiwa na askari wapatao 1,000 akawarudisha baharini, na nyuki wa mizinga ya mashambani wakawauma wote bila kubagua. Wazee wa Tanga bado wanakisimulia kisa cha nyuki. Mimi nilipouona mstari ule mara ya kwanza nilisimama muda mrefu. Vijana wa vijijini huku walipelekwa kufa mnazini kwetu, kwa vita isiyowahusu wao wala sisi.

Jumatatu ni siku ya Delhi ya Kale, na uipe siku nzima. Shuka kituo cha Jama Masjid saa mbili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, maana wenye duka huku hufungua saa tano. Hapo nikukumbushe: hawahesabu saa kama sisi. Akikwambia njoo saa kumi na moja, anamaanisha saa tano yetu ya asubuhi.

Jama Masjid aliujenga Shah Jahan kati ya 1644 na 1656, na uwanja wake unachukua watu wapatao 25,000. Vaa nguo ndefu na mtandio, viatu uvibebe kwenye mfuko wako mwenyewe. Watalii hutolewa nje wakati wa swala, na kamera hulipiwa. Sasa, kuhusu mama. Kila lango la msikiti huu lina ngazi zaidi ya 30 za mawe. Kumbeba mtu mwenye goti jipya kwenye ngazi zile, zimejaa watu, ni hatari, na sitakushauri hata kidogo. Nina mahali pengine pa kumpeleka, nitakueleza kwenye Jumanne. Wewe mpigie simu ya video ukiwa katikati ya uwanja, asubuhi ile njiwa wakiwa wengi kuliko watu.

Chini ya ngazi, vichochoro vya upande wa kusini ndiko kwenye nyama. Karim's ipo hapo tangu 1913. Kula nihari, mchuzi mzito wa nyama, na mkate wa tanuri. Chakula cha mtaa huu ni halali na kimepikwa usiku kucha, lakini maji kunywa ya chupa tu, na matunda yaliyokatwa tayari usiyaguse. Huna nafasi ya kuumwa tumbo ukiwa na mgonjwa wa kuangalia.

Ngome Nyekundu siku hiyo imefungwa. Itazame kwa nje kutoka barabarani, kuta zake zinatosha kukuonyesha ukubwa wa kazi, na ndipo Waziri Mkuu anapopandisha bendera kila tarehe 15 Agosti. Kisha geuka uingie Chandni Chowk. Barabara hii iliwekwa mwaka 1650 na Jahanara, binti wa Shah Jahan, na katikati yake palikuwa na bwawa lililoakisi mbalamwezi. Leo magari yenye injini hayaruhusiwi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, kwa hiyo unatembea au unapanda baiskeli ya kuvutwa. Siri ya hapa ni kwamba kila kichochoro kina biashara moja. Usizunguke kutafuta kila kitu kila mahali. Jua unachotaka, kisha uende kwenye kichochoro chake.

Dariba Kalan ni ya masonara, na neno letu sonara lina undugu na la kwao, sunar. Hapo nunua fedha, si dhahabu. Bei ya dhahabu ni ya dunia nzima, huku unaongezewa ufundi na kodi ya asilimia 3, kwa hiyo kwa dola zako 500 hutapata nafuu yoyote. Kama lazima ununue hata pete ndogo, tafuta alama ya BIS, shirika la viwango la India, na namba ya herufi na tarakimu sita iliyochongwa juu yake. Tangu Aprili 2023 sonara haruhusiwi kuuza dhahabu bila namba hiyo, na unaweza kuihakikisha kwa programu ya BIS Care papo hapo dukani. Fedha huuzwa kwa uzito. Mwambie aweke kikuku au hereni kwenye mizani mbele yako, aseme bei ya gramu, kisha aseme ya ufundi peke yake. Ukizitenganisha bei hizo mbili, unajua ni ipi ya kukata.

Kinari Bazaar iko hatua chache mbele, na hapa ndipo harusi ya mdogo wako itakapopata uhai. Kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakipishana mabega yanagusana, na pande zote ni zari (nyuzi za kumetameta), lesi, shanga, vioo, vishada vya dhahabu bandia, vyote kwa jora na kwa fungu. Kilichonishinda kusahau ni mzee mmoja aliyekuwa akipima utepe wa zari kwa mkono, kuanzia ncha ya pua hadi ncha za vidole, sawasawa na bibi yangu alivyokuwa akipima kanga. Nunua tepe za hapa kwa wingi. Ni nyepesi kwenye sanduku, zina bei ndogo, na fundi cherehani wa Tanga anaweza kulipambia gauni la kawaida likawa la bibi harusi.

Vitambaa na sari viko Katra Neel na maduka ya barabara kuu. Sari ina urefu wa kama mita tano na nusu, na nyingi zina kipande cha blauzi juu yake. Ifunue sari yote kabla hujalipa, uangalie madoa na kama zari imekatika kwenye mikunjo. Mwenye duka atakwambia kila kitu ni hariri. Mwombe uzi mmoja kutoka kwenye ncha na kiberiti. Hariri ikiungua inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, na majivu yanasagika kwa vidole. Uzi wa kiwandani unayeyuka, unajikunja, na kuacha punje ngumu nyeusi. Nimefanya hivi mara nyingi, na muuzaji mwaminifu hukupa uzi bila kusita. Anayekataa, mshukuru na utoke. Lebo ya Silk Mark nayo ni dalili njema. Kwa nguo za nyumbani, tafuta pamba laini wanayoiita malmal, ndiyo melimeli yetu ileile, na kwa joto la pwani sijui kitambaa kinachoishinda.

Mwisho wa barabara, ukiupita msikiti wa Fatehpuri, kuna Khari Baoli, soko la viungo la jumla. Utaanza kukohoa kabla hujaliona. Vumbi la pilipili linaelea hewani, wabebaji magunia wanakohoa, wauzaji wanakohoa, na hakuna anayejali. Vaa barakoa. Mara ya kwanza nilipofika, muuzaji alinipakulia karafuu kiganjani, akaniambia kwa fahari: "Zanzibar." Nilicheka naye, nikamwambia ndiko ninakotoka. Basi wewe karafuu usinunue, wala korosho, maana India hununua shehena kubwa za korosho ghafi za kusini mwa Tanzania, na unaweza kulipia nauli ya korosho za Mtwara mara mbili. Mbaazi zilizojaa magunia ya jirani nazo nyingine ni za kwetu. Wakulima wa Tanzania wanaukumbuka mwaka 2017, India ilipoweka mipaka ya kuziagiza na bei ikaanguka.

Nunua iliki ya kijani, punje kubwa zilizofungika. Nunua pilipili ya Kashmir, inayotia chakula wekundu bila ukali. Nunua unga wa embe bichi, na mvuje kidogo, uufunge mara tatu maana harufu yake itahamia kwenye sari. Viungo vinunue vizima, usinunue vilivyosagwa, kwa sababu ndani ya unga mtu anaweza kuchanganya chochote. Zafarani huuzwa kwa gramu. Weka nyuzi mbili katika kikombe cha maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa rangi taratibu, na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu. Ikimwaga rangi mara moja na nyuzi kuwa nyeupe, ni nyasi iliyopakwa rangi.

Kupatana bei si vigumu kwa mtu aliyelelewa na masoko yetu, na lugha itakusaidia kuliko unavyodhani. Dukaan, chai, rang, sabun, kitaab, hisaab, dawa: maneno haya yote utayasikia na kuyaelewa. Laki ni laki. Ukitosheka, sema "bas", naye atajua ni basi. Muuzaji mwanamume mwite bhaiya, yaani kaka, na mwanamke didi, yaani dada. Uliza "kitne ka hai", atakutajia, na wewe useme "kam karo", punguza. Penye kibao cha bei moja usihangaike. Penginepo anzia karibu na nusu, lakini usitaje bei ambayo huko tayari kuilipa. Ukishaitaja naye akakubali, kurudi nyuma kunamvunjia heshima, na huku wanalichukulia hilo kwa uzito kama kwetu.

Jumanne asubuhi ni zamu ya mama. Mpeleke Qutb Minar kwa teksi, saa tatu hivi. Mnara una urefu wa mita 72 na nusu, ulianzishwa na Qutb-ud-din Aibak mwishoni mwa karne ya 12 na kuendelezwa na Iltutmish. Chini yake kuna Quwwat-ul-Islam, msikiti wa kwanza kujengwa Delhi, mkongwe kwa Jama Masjid kwa zaidi ya miaka 400. Ulijengwa kwa nguzo zilizotolewa kwenye mahekalu 27 ya Wahindu na Wajaini, na ukikaribia utaona kengele na minyororo ya mahekalu bado imechongwa kwenye nguzo za msikiti. Ni historia nzito, na imeachwa wazi ionekane. Hakuswaliwi tena, ni magofu, lakini eneo kubwa ni tambarare na limewekewa njia za viti vya magurudumu. Uwanjani kuna nguzo ya chuma ya urefu wa zaidi ya mita 7, yenye umri wa kama miaka 1,600, ambayo mvua zote hizo hazijaila kwa kutu. Wataalamu wa metali wanasema ni kwa sababu chuma chake kina fosforasi nyingi, iliyojenga utando mwembamba wa kukilinda. Mama ataipenda nguzo ile.

Mkirudi, pitieni Gurdwara Bangla Sahib, karibu na Connaught Place, kama mama bado ana nguvu. Mkenya yeyote aliyepita barabara ya Mombasa anaijua Makindu, hekalu la Masingasinga linalomlisha kila msafiri bila kumuuliza dini. Bangla Sahib ni hivyohivyo. Vueni viatu, funikeni vichwa, kaeni na watu, mle dali na chapati. Hakuna anayelipa.

Mchana Lajpat Nagar iko wazi. Hapo kuna sandali, bangili za kioo, nguo zilizoshonwa tayari, na wapaka hina wanaokaa kwenye viti vidogo pembeni mwa barabara. Wagonjwa wengi wa kigeni hupanga mtaa huo, kwa hiyo wauzaji wamezoea kutuona. Ukibakiwa na nguvu na pesa, Sarojini Nagar ni vituo vitatu kwa laini ya waridi: nguo zilizobaki kwenye viwanda vya kuuza nje, zimerundikwa kama mtumba wetu, blauzi kwa rupia 100 au 200. Kagua mishono na zipu, maana hakuna kurudisha, na mkoba uuvae mbele. Khan Market usipoteze muda, ni ya bei za mabalozi.

Sasa utapeli. Karibu wote una sura moja: mtu unayekutana naye barabarani anataka kukupeleka mahali ambapo hukupanga kwenda. Anaweza kuwa dereva anayesema soko lako limefungwa leo, na ndiyo maana nimekutajia siku za kufunga, ili usimwamini. Anaweza kuwa kijana nje ya hospitali anayesema "jambo rafiki" na kujua duka la serikali. Anapata kamisheni, na kamisheni hiyo utailipa wewe ndani ya bei. Mteja wangu mmoja aliuziwa kwa njia hiyo shali kwa bei ya mara sita ya ile tuliyoikuta siku iliyofuata. Ukitaka maduka halisi ya majimbo yenye bei moja, yamepangwa kwenye barabara ya Baba Kharak Singh, karibu na Connaught Place. Nenda mwenyewe.

Dola badilisha benki au duka lenye leseni, upewe risiti, na noti ya rupia 2,000 uikatae, iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023. Noti iliyochanika irudishe palepale, hakuna atakayeipokea. Omba noti za 100 na 50 kwa wingi. Wenyeji wanalipa kwa simu, na muuzaji mdogo mara nyingi hana chenji. Rupia zitumie zote kabla ya uwanja wa ndege.

Jumatano usitoke. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza sanduku, upime nyumbani, si kwenye kaunta. Viungo viwe kwenye mifuko miwili na sanduku tofauti na sari. Zari usiikunje juu ya zari, weka karatasi laini katikati. Vifaa vya umeme vya huku vina plagi ya pini za mviringo, kwa hiyo tafuta adapta kabla hujaondoka. Vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 sheria ya India hairuhusu vitoke, hata kama muuzaji ameapa, na pembe za ndovu usiziguse. Vipambo vya fedha vya Dariba uvivae, au uviweke mkobani pamoja na risiti zake. Na dawa za mama zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na karatasi ya daktari na barua inayotaja chuma kilichowekwa gotini, maana mashine ya ukaguzi italia atakapopita.